PAISIY HILENDARSKI: MTAWA ALIYEWARUDISHIA WABULGARIA HISTORIA YAO

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Methali hii yaweza kufafanuliwa kwa mifano mingi kutoka pembe zote za dunia, lakini ni michache iliyo bayana kama maisha ya Paisiy Hilendarski, mtawa wa Kibulgaria aliyeishi katika karne ya 18. Paisiy hakuwa mfalme wala jemadari. Hakuacha mali, hakuacha watoto, na hata kaburi lake halijulikani lilipo. Alichoacha ni kitabu kimoja tu, tena chembamba, alichokikamilisha mwaka 1762 na ambacho hakikupigwa chapa mpaka miaka 82 ilipopita. Pamoja na hayo, Wabulgaria huanza kuhesabu mwamko wao wa kitaifa tangu siku mtawa huyo alipoiweka kalamu chini.

Makala haya yanadhamiria kusimulia maisha ya Paisiy na safari ya kitabu chake. Aidha, yanajaribu kujibu swali moja ambalo mwanafunzi yeyote wa lugha hana budi kujiuliza: ilikuwaje mtu asiyepata elimu kubwa, katika kitabu chenye makosa mengi ya kihistoria, akafaulu kutenda lile ambalo wasomi waliomzidi kwa mbali hawakulitenda? Jibu, kwa maoni yetu, limo katika lugha aliyoichagua na katika watu aliowakusudia.

Hali ya Wabulgaria kabla ya Paisiy

Ili kuielewa kazi ya Paisiy, yafaa tutazame nyuma kidogo. Bulgaria ilikuwa mojawapo ya dola zilizotajika katika Ulaya ya Enzi za Kati. Mfalme Boris wa Kwanza aliupokea Ukristo mwaka 864, na mwaka 886 akawapokea Kliment na Naum, wanafunzi wa ndugu wawili watakatifu, Cyril na Methodius, waliobuni maandishi kwa ajili ya lugha ya Kislavoni. Kutokana na ukarimu huo, Bulgaria ikawa kitovu cha maandishi ya Kislavoni. Vitabu vya ibada vilitafsiriwa na kunakiliwa huko, na kutoka huko vikaenea hadi Serbia na Urusi.

Mambo yaligeuka mwishoni mwa karne ya 14. Mji mkuu, Tarnovo, ulitekwa na Waturuki wa dola ya Uthmaniya mwaka 1393, na Vidin ikafuata mwaka 1396. Ufalme ukatoweka na kiti cha Patriaki wa Tarnovo kikaondolewa. Kuanzia hapo Wabulgaria waliishi chini ya mamlaka mawili. Katika mambo ya dunia walitawaliwa na Sultani; katika mambo ya dini waliwekwa chini ya Patriaki wa Konstantinopoli, ambaye maaskofu wake walikuwa Wagiriki kwa sehemu kubwa. Kigiriki kikawa lugha ya elimu na ya biashara, na mahali pengi kikawa lugha ya ibada pia. Mfanyabiashara wa Kibulgaria aliyetaka kuheshimiwa mjini alijifunza Kigiriki, akawasomesha wanawe kwa Kigiriki, na baada ya muda akajiita Mgiriki. Kibulgaria kilibaki kuwa lugha ya wakulima, wachungaji na akina mama jikoni. Utumwa wa namna hii haukuhitaji mnyororo, maadamu mwenyewe alikuwa amekwisha kuona haya.

Kuzaliwa na maisha ya utawa

Karibu yote tunayoyajua kwa yakini kuhusu Paisiy yanatokana na maneno machache aliyoyaandika mwenyewe mwishoni mwa kitabu chake. Anaeleza kuwa alitoka katika dayosisi ya Samokov na kwamba alifika katika Mlima Athos mwaka 1745 akiwa na umri wa miaka 23. Kwa hesabu hiyo alizaliwa mwaka 1722. Miji na vijiji kadhaa vimewahi kudai kuwa ndiko kitovu chake kilikozikwa, ila watafiti wengi wameafikiana juu ya Bansko, mji mdogo ulio chini ya milima ya Pirin kusini-magharibi mwa Bulgaria. Msafiri afikaye Bansko leo atakuta sanamu yake imesimamishwa katika uwanja wa mji.

Athos ni rasi ya milima iliyoko kaskazini mwa Ugiriki. Kwa zaidi ya miaka elfu moja rasi hiyo imekuwa makao ya watawa wa Kiothodoksi kutoka mataifa mbalimbali, na hadi leo wanawake hawaruhusiwi kuikanyaga. Paisiy alijiunga na makao ya Hilandar, yaliyoasisiwa na Waserbia mwaka 1198, lakini ambayo wakati huo yalikuwa na watawa wengi wa Kibulgaria. Kaka yake, Lavrentiy, alikuwa mmoja wa wakuu wa makao hayo. Jina la Hilendarski, ambalo Paisiy anajulikana kwalo, linatokana na mahali hapo.

Kazi mojawapo aliyopewa ilikuwa kusafiri katika vijiji na miji ili kuchangisha sadaka na kuwaongoza mahujaji. Kazi hiyo ndiyo iliyomfumbua macho. Alizunguka katika nchi za Wabulgaria, akala nao, akasikia namna walivyojisemea wao wenyewe. Aligundua kwamba wengi hawakujua kuwa taifa lao liliwahi kuwa na wafalme, mapatriaki wala watakatifu. Na aliporejea Athos alikumbana na uchungu mwingine. Watawa wa Kigiriki na wa Kiserbia waliwakebehi wenzao wa Kibulgaria kwa kudai kwamba hawakuwa na historia yoyote ya kusimuliwa. Paisiy hakuwa na jibu, kwa kuwa hakukuwa na kitabu cha kuwaonyesha.

Yumkini ugeni fulani uliuchochea moto huo. Mwaka 1758 msomi wa Kiserbia, Jovan Rajić, alizuru Hilandar akitafuta hati za kumsaidia kuandika historia ya mataifa ya Kislavoni. Kama jirani anavuka nchi kutafuta habari za wahenga wake, mwenye nyumba ataketi tu?

Safari ya kuitafuta historia

Paisiy alianza kazi yake katika maktaba za Athos. Alipekua hati za wafalme wa zamani, masimulizi ya maisha ya watakatifu na vitabu vya ibada vilivyokuwa vimefunikwa na vumbi. Alipoona kuwa hayo hayatoshi, alisafiri hadi nchi zilizokuwa chini ya utawala wa Austria. Mwaka 1761 alikuwa Sremski Karlovci, makao ya kanisa la Waserbia katika utawala huo. Katika safari hiyo alipata kitabu cha Mavro Orbini, mtawa wa Kikatoliki kutoka Dubrovnik, kilichohusu ufalme wa Waslavoni. Kitabu hicho kilichapishwa kwa Kiitaliano mwaka 1601, na Paisiy alikisoma katika tafsiri ya Kirusi iliyotolewa mwaka 1722. Hali kadhalika alitumia kazi ya Kardinali Caesar Baronius kuhusu historia ya Kanisa, nayo pia kupitia tafsiri ya Kirusi.

Haikuwa kazi nyepesi. Paisiy mwenyewe anataja kwamba alisumbuliwa na maumivu ya kichwa na ya tumbo muda wote wa kazi hiyo. Isitoshe, makao ya Hilandar yalikuwa yameelemewa na kodi na madeni kwa Waturuki, na watawa walikuwa wakigombana wenyewe kwa wenyewe. Ziwa liliposhindwa kutulia, samaki alihama. Paisiy aliondoka Hilandar akahamia Zograf, makao ya watawa wa Kibulgaria papo hapo Athos. Huko alipata hati nyingine na utulivu aliouhitaji, na huko ndiko alikokamilisha kitabu chake mwaka 1762, akiwa na umri wa miaka 40.

Kitabu chenyewe

Kitabu hicho, ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Historia ya Kislavoni na Kibulgaria, kinaanza kwa kueleza manufaa ya kuijua historia, kisha kinageuka kuwa hotuba kwa Wabulgaria. Katika sehemu hii Paisiy anawakaripia wale walioiacha lugha ya mama zao wakajifanya wa taifa jingine. Haonei haya kuwaita wapumbavu. Papo hapo anawabembeleza wale walioipenda nchi yao na kuwaambia kuwa kitabu kimeandikwa kwa ajili yao. Baada ya hapo anasimulia asili ya taifa, matendo ya wafalme, kazi ya Cyril na Methodius, na orodha ya watakatifu waliotokana na Wabulgaria.

Hapana budi kusema kweli kuhusu udhaifu wa kitabu hiki. Paisiy anaanza masimulizi tangu gharika ya Nuhu na kuwaunganisha Waslavoni na ukoo wa Yafethi, kama ilivyokuwa desturi ya wanahistoria wa kale aliowasoma. Anawachanganya wafalme, anakosea tarehe, na ushindi wa Wabulgaria huukuza kuliko ulivyokuwa. Fauka ya hayo, maneno yake kuwahusu Wagiriki na Waserbia yana ukali ambao mara nyingine hupita kiasi. Mwanahistoria wa leo hawezi kukitegemea kwa habari za karne ya 9 au ya 10. Anachoweza kukipata humo ni habari za karne ya 18: namna Mbulgaria mmoja alivyoumia na alivyotaka wenzake waamke.

Paisiy hakujificha nyuma ya usomi asiokuwa nao. Anakiri kwamba hakujifunza sarufi wala elimu nyingine za dunia, na kwamba ameandika kwa namna sahili kwa ajili ya Wabulgaria wa kawaida. Lugha yake ni mchanganyiko wa Kislavoni cha Kanisa, chenye athari za vitabu vya Kirusi, na Kibulgaria kilichosemwa na watu wa wakati wake. Kislavoni kinatawala mahali pa fahari na Kibulgaria cha watu kinajitokeza pale anapokaripia au kubembeleza. Kwa hivyo si sahihi kudai kwamba Paisiy ndiye aliyeunda Kibulgaria sanifu cha leo. Hilo lilikuwa jukumu la vizazi vilivyomfuata. Lakini ndiye aliyetangaza kwamba lugha ya mkulima inafaa kubeba historia ya wafalme.

Ili uzito wa uamuzi huo uonekane, tumlinganishe Paisiy na mwandishi mwingine wa wakati wake. Mwaka 1761, yaani mwaka mmoja tu kabla ya kitabu cha Zograf, mtawa wa shirika la Wafransisko aitwaye Blasius Kleiner, aliyeishi Transylvania, alikamilisha historia ya Bulgaria. Kleiner alikuwa na elimu, na alivifikia vyanzo vingi. Hata hivyo aliandika kwa Kilatini. Mswada wake ulikaa katika maktaba za watawa mpaka watafiti walipouibua katika karne ya 20, na hakuna mkulima wala kasisi wa kijijini aliyewahi kuamshwa nao. Kitabu cha msomi kililala rafuni, ilhali kitabu cha mtawa asiyejua sarufi kilikuwa kikitembea kijiji hadi kijiji.

Kitabu mikononi mwa wanakili

Wabulgaria hawakuwa na mtambo wa kupigia chapa. Paisiy alilijua hilo, na ndiyo sababu aliwasihi wasomaji wake wakinakili kitabu, na asiyejua kuandika awalipe wanaojua wamwandikie. Baada ya kukikamilisha hakukaa kitako. Alikitia mkobani, akaendelea na safari zake za kuchangisha sadaka, na kila alikopita alikisoma na kukionyesha.

Mwaka 1765 alifika Kotel, mji ulio katika milima ya mashariki mwa Balkani. Hapo alikutana na kasisi kijana aliyeitwa Stoyko Vladislavov. Kasisi huyo alikinakili kitabu chote kwa mkono wake, nayo ndiyo nakala ya kwanza yenye tarehe ambayo imehifadhiwa. Aliiweka kanisani ili watu wote waisome, na akaandika laana kwa yeyote atakayethubutu kuiiba. Mwaka 1781 alikinakili mara ya pili.

Stoyko huyo ndiye aliyekuja kujulikana kwa jina la Sofroniy, Askofu wa Vratsa, tangu mwaka 1794. Mwaka 1806 alichapisha mkusanyiko wa mahubiri ya Jumapili katika mji wa Râmnicu Vâlcea, nchini Romania ya leo, ambao ndio kitabu cha kwanza kupigwa chapa kwa Kibulgaria kipya. Pia aliandika masimulizi ya maisha yake mwenyewe, ambayo ni miongoni mwa kazi zinazoheshimiwa sana katika fasihi ya Kibulgaria. Mtu anaweza kuuliza, je, Paisiy alikuwa na mwanafunzi? Hakuwa na darasa, lakini usiku ule wa wino huko Kotel ulimzalia mrithi.

Makasisi, walimu na mafundi waliendelea na kazi hiyo. Takriban nakala 60 zinajulikana, baadhi zikiwa sahihi neno kwa neno na nyingine zikiwa zimerekebishwa. Mwanafunzi wa fasihi atavutiwa na marekebisho hayo. Mnakili mmoja alirahisisha lugha ili ikaribie lahaja ya watu wake, mwingine akaongeza habari, mwingine akaondoa asichokipenda. Kitabu kilikuwa kimekuwa mali ya umma, na kila aliyekigusa alijiona mshirika wa mwandishi.

Kifo na yaliyofuata

Kuhusu mwisho wa Paisiy, watafiti wanaamini kuwa alifariki mwaka 1773 karibu na Stanimaka, mji unaoitwa Asenovgrad siku hizi, akiwa safarini kurejea Athos. Alikufa kama alivyoishi, akiwa njiani. Hakuna picha yake iliyochorwa alipokuwa hai. Sura tunayoiona katika michoro na sanamu ni ya kuwaziwa.

Mbegu aliyoipanda ilichukua muda kuota. Mwaka 1835 shule ilifunguliwa Gabrovo ambako watoto walifundishwa kwa Kibulgaria kwa mtindo mpya. Mwaka 1844 kitabu cha Paisiy kilipigwa chapa kwa mara ya kwanza katika mji wa Buda na Hristaki Pavlovich, ingawa kilikuwa kimerekebishwa sana na kupewa jina jingine. Mwaka 1870 Sultani aliruhusu Wabulgaria wawe na kanisa lao wenyewe. Uasi wa Aprili 1876 ulizimwa kwa damu nyingi, ukafuatwa na vita baina ya Urusi na Uturuki, na mwaka 1878 dola ya Bulgaria ikafufuka. Ingekuwa kutia chumvi kudai kwamba haya yote yaliletwa na kitabu kimoja. Biashara, shule, magazeti na siasa za mataifa makubwa vilichangia pakubwa. Walakini wapiganiaji wa kanisa na wa shule walihitaji kwanza kuamini kwamba wao ni taifa, na imani hiyo ilikuwa na kitabu chake.

Jambo la kushangaza ni kwamba Paisiy mwenyewe alikuwa karibu kusahauliwa. Mwanahistoria Marin Drinov ndiye aliyemfufua katika makala aliyoyachapisha mwaka 1871, alipomtambulisha kuwa mwanzilishi wa mwamko wa Wabulgaria. Muongo mmoja baadaye mshairi Ivan Vazov alimtungia shairi katika diwani yake maarufu kuhusu mashujaa waliosahauliwa, aliyoiandika kati ya mwaka 1881 na 1884. Rasimu ya Zograf, iliyoandikwa kwa mkono wa Paisiy, ilichapishwa na mtaalamu Yordan Ivanov mwaka 1914. Mwaka 1962, kitabu kilipotimiza miaka 200, Kanisa la Kiothodoksi la Bulgaria lilimtangaza kuwa mtakatifu. Chuo Kikuu cha Plovdiv kina jina lake. Sura yake iliwekwa katika noti ya leva 2 ya mwaka 1999, kisha katika sarafu ya leva 2 ya mwaka 2015. Bulgaria ilipoanza kutumia euro tarehe 1 Januari 2026, sarafu ya euro 2 ya nchi hiyo ilibeba sura yake pia.

Rasimu hiyo ina kisa chake. Mwaka 1985 majasusi wa serikali ya Bulgaria waliiiba kisirisiri kutoka Zograf na kuacha nakala bandia mahali pake, kwa hoja kwamba hazina kama hiyo inafaa kukaa nyumbani. Baada ya utawala wa kikomunisti kuanguka siri hiyo ilifichuka, na watu wakabishana vikali. Baadhi walisema mali ya taifa imerudi kwa taifa. Wengine wakasema wizi ni wizi hata ukivikwa bendera. Mwaka 1998 Rais Petar Stoyanov aliirejesha Zograf. Serikali nzima ilikuwa imefanya kile ambacho kasisi wa Kotel alikilaani zaidi ya miaka 200 kabla. Kisa hiki kinatukumbusha kuwa mapenzi ya taifa yasiyo na mipaka yaweza kumdhulumu hata yule anayetukuzwa, kwani Paisiy hakutaka kitabu chake kifichwe mahali popote. Alitaka kinakiliwe.

Hitimisho

Tumeona kuwa Paisiy Hilendarski hakuwashinda wasomi wenzake kwa usahihi wa tarehe wala kwa wingi wa vyanzo. Aliwashinda kwa kuwajua wasomaji wake. Aliwatembelea majumbani mwao, akasikia aibu waliyokuwa nayo kuhusu lugha yao, kisha akawaandikia kwa maneno ambayo wangeyaelewa yakisomwa kanisani. Zaidi ya hayo, aliwapa ruhusa ya kukimiliki kitabu kwa kukinakili.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa lugha, maisha haya yana funzo lenye pande mbili. Upande mmoja unatutahadharisha tusiichukue kila sifa ya kale kuwa kweli, maana mapenzi hupofusha kama chuki inavyopofusha, na makosa ya Paisiy yapo kurasani kwa kila anayetaka kuyaona. Upande wa pili unatuuliza ni kwa lugha gani tunaandika matokeo ya utafiti wetu, na nani atakayeyasoma. Kila tarehe 24 Mei, Wabulgaria huadhimisha siku ya elimu, utamaduni na maandishi yao. Watoto wa shule huandamana wakiwa wamebeba maua na picha za Cyril na Methodius. Wanaimba na kusoma kwa lugha ambayo katika siku za Paisiy mfanyabiashara aliona haya kuitamka mbele ya wageni.